Jicho la Kumwangalia Ndirangu

Dawa ya macho ina ladha. Watu wengi hawajui hilo, na heri yao. Tone likiingia jichoni halikai pale. Linatafuta njia nyuma ya pua, linashuka kooni, na baada ya muda mfupi unasikia uchungu mwembamba ambao hata chai ya tangawizi haiuondoi. Mwezi uliopita nilikuwa katika kliniki moja katikati ya jiji, ghorofa ya juu, kelele za wachuuzi zikitufikia dirishani kwa mbali. Nilikuwa nimekwenda kupimwa, kwa sababu ugonjwa wa macho wa kwetu hutembea ndani ya ukoo, na mtu ambaye nyanya yake aliugua hana ruhusa ya kujifanya hajui. Muuguzi akanidondoshea tone la kupanua mboni, uchungu ukanifikia kooni, na papo hapo nikamkumbuka Mzee Ndirangu.

Sikumkumbuka kwa wema. Nawaambia mapema ili asitokee mmoja wenu baadaye akasema nimemficha. Mtu huyo nilimchukia nikiwa na miaka kumi, na chuki ile niliilea vizuri, nikailisha, ikanawiri.

Nililelewa na nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Cucu, huko nyuma ya Dagoretti Corner, mahali palipokuwa mashamba zamani na sasa pamejaa nyumba za kupangisha. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Nakuru na walikuja mwisho wa mwezi wakiwa na mikate na maswali kuhusu shule. Cucu alikuwa amebaki na kipande chake cha ardhi: ng'ombe mmoja, mistari ya sukuma wiki, na vyumba vichache vya wapangaji upande wa barabara. Upande wa kushoto, ukitoka mlangoni, aliishi Mzee Ndirangu, ndugu mdogo wa marehemu babu yangu. Kati yake na sisi hapakuwa na ukuta wala seng'enge. Palikuwa na matoka, yale maua ya jamii ya yungiyungi ambayo watu wetu hupanda mpakani, majani marefu na amri moja tu, kwamba hayang'olewi. Seng'enge ukiisogeza unaweza kumsingizia fundi. Matoka ukiyasogeza umevunja neno la watu waliokufa wakiliamini. Sisi watoto tulikatazwa hata kuchuma ua moja la kuchezea.

Cucu alikuwa mwanamke mwenye hasira za karibu. Alipoanza kujigonga kwenye vitu hakusema haoni. Alisema vitu vimekaa vibaya. Mwimo wa mlango ulimpiga bega la kushoto, akauliza ni fundi gani mlevi aliyeuweka pale, na mlango ule ulikuwa pale tangu aolewe. Alimimina chai nje ya kikombe akakilaumu kikombe. Akienda kanisani, watu waliomsalimia kutoka kushoto hawakujibiwa, na kwetu mtu mzima asiyeitikia salamu ama ana kinyongo ama ana maringo. Wakaamua ni maringo, kwa kuwa binti yake, shangazi yangu, alikuwa ameolewa Spring Valley, kwa matajiri. "Siku hizi Mama Kamau anasalimia watu wa magari tu," wakawa wanamsema Cucu. Akasikia, akakasirika, akaacha kuwasalimia hata wale waliokuwa upande wa kulia.

Likizo ya Desemba tulikwenda kwa shangazi. Nakumbuka harufu ya nyasi zilizokatwa, ukimya uliomchosha Cucu kuliko kelele, na mlango mkubwa wa kioo ulioelekea bustanini. Cucu aliubamiza kwa paji la uso, akasimama anashangaa. Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka. Alimkalisha mama yake kwenye kiti, akainua kidole pembeni mwa uso wake upande wa kushoto, akakichezesha.

"Mami, unaona kidole changu?"

"Kidole gani?"

Wiki ile ile tukaenda mjini. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Parklands, mwenye mikono baridi na Kiswahili cha Nairobi kabisa. Alimwekea Cucu kidevu kwenye kibao mbele ya chombo cheupe kama bakuli kubwa, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakapoona nuru ndogo humo ndani. Cucu akabonyeza, akakaa muda mrefu bila kubonyeza, akabonyeza tena, halafu akatoa kichwa.

"Hii mashine imeharibika upande mmoja," alisema. "Haileti taa."

"Cucu, taa zimekuja zote," daktari akamjibu taratibu. Akavuta kiti akaketi karibu naye. "Hii ni glakoma. Presha ya macho. Inakula ule mshipa wa kupeleka picha kwa kichwa, na inaanza na pembeni. Haiumi, ndiyo maana mtu hashtuki. Ile imeenda imeenda, sitakudanganya. Lakini hii imebaki tunaweza kuichunga."

Ikawa tone moja kila jioni, katika kila jicho, maisha yake yote. Mimi ndiye niliyefundishwa: vuta kope ya chini, dondosha, afumbe jicho, kisha bonyeza kona iliyo karibu na pua ili dawa isikimbilie kooni. Daktari alirudia kwamba dawa haitamfanya aone vizuri zaidi, kazi yake ni kuzuia tu. Cucu alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Hakusikia, na mimi nilisikia bila kuelewa.

Tuliporudi nyumbani chupa ilikaa kwenye mlango wa friji kando ya maziwa. Kila jioni ng'ombe akishakamwa, Cucu aliketi kwenye kigoda, akainua uso, nami nikajiona daktari. Macho yalimchoma, yakawa mekundu. Alikuwa akingoja mwimo wa mlango urudi mahali pake na watu wa kushoto waanze kuonekana, na hawakuonekana. "Hii dawa inachoma bure," alilalamika. "Mimi naona tu vile nilikuwa naona." Laiti angejua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema yenyewe.

Hapo ndipo Mzee Ndirangu alipoingia. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti la kahawia na maneno laini, na alipenda sukari kupita watoto. Alasiri alikuja kunywa chai kwetu, na siku moja alinikuta nikiitoa ile chupa mapema.

"Mama Kamau, achana na hiyo kitu," alisema. "Hata mimi niliandikiwa kama hiyo na daktari, nikatupa. Si unaniona? Macho ni uzee tu. Dawa unaweka ukisikia uchungu."

Kwa kuwa hapakuwa na uchungu, dawa haikuwekwa. Kwa muda niliendelea kuitoa kwenye friji jioni, nikaambiwa niirudishe. Baadaye nikaambiwa niache kuitoa, inaingiza joto kwenye maziwa. Shangazi alipopiga simu kuuliza, Cucu alimwambia tunaweka, na akanikazia jicho lake zima.

Miezi ikapita hivyo. Agosti tulialikwa tena Spring Valley, mtoto wa shangazi alikuwa anabatizwa, tukakaa huko siku kadhaa. Tuliporudi nilitumwa kuanika nguo. Nguzo ya kamba yetu ya nguo ilikuwa ndani ya shamba letu, na kati yake na matoka palikuwa na nafasi ya kutosha sisi watoto kukimbizana. Siku hiyo nguzo ilikuwa imesimama katikati ya matoka. Udongo chini yake ulikuwa mbichi, mwekundu, na mistari ya sukuma wiki ya mwisho haikuwapo. Ng'ambo, nepia ya Mzee Ndirangu, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, ilikuwa imenenepa.

Nilikimbia kumwambia Cucu. Alikuja akitanguliza mkono, akapiga magoti, akapapasa majani, akashuka hadi kwenye mashina, akachimba udongo kwa vidole na kuukuta laini. Nilingoja matusi. Hayakuja, na mtu wa hasira za karibu akinyamaza ni wa kuogopwa.

"Amepitia huku sioni," alisema mwishowe.

Aliinuka, akajipangusa mikono kwenye aproni, akarudi ndani akapita ule mwimo wa mlango bila kuugonga, akaketi kwenye kigoda mchana ule ule, jua likiwa bado juu.

"Leta ile dawa," alisema. "Sipofuki mimi kabla huyu mtu hajarudisha hayo maua na mikono yake. Weka."

Nikaweka. Lakini chupa ilikuwa imekaa miezi tangu ifunguliwe, haifai tena, na jioni ile Cucu alimpigia shangazi simu akamwambia ukweli wote. Shangazi akatupeleka mjini, na mbele ya lile bakuli jeupe Cucu alibonyeza mara chache tu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha karibu lote. La kulia lilikuwa bado na dirisha la katikati. Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba sehemu kubwa ya kilichopotea ilipotea katika ile miezi bila dawa, na kwamba hairudi. Akaandika dawa upya.

Kwenye gari tulipokuwa tunapanda kuelekea Westlands sikuweza kujizuia kulia. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu ya kitoto: Ndirangu ameiba mara mbili. Ameiba udongo, ambao unaweza kurudishwa, na ameiba jicho, ambalo haliwezi. Nilimwona akimlaghai makusudi, akimpofusha kwanza ili apate njia ya kupita. Nilimwombea mabaya ya kila aina, mengine nisingeweza kuyatamka mbele ya mwalimu wangu wa shule ya Jumapili.

Sasa niwaambie jinsi glakoma inavyotunzwa kwa hasira, kwa sababu sijaona dawa nyingine inayoshika kama hiyo. Tangu siku ile Cucu hakukosa jioni hata moja. Umeme ukipotea, chupa iliwekwa kwenye sufuria ya maji baridi. Ikikaribia kwisha, shangazi alipigiwa simu mapema na mara nyingi. Akishadondoshewa alifumba macho, akabonyeza kona za macho kwa vidole vyake viwili, na midomo yake ikawa inataja jina la Ndirangu polepole, kama wengine wanavyosali. Alijifunza kugeuza kichwa chote anapotazama kitu, kama kuku. Ngazi ya mlangoni alinituma niipake chokaa ukingoni. Njiani alianza kuwasalimia watu wote, hata miti, ili asimkose mtu, na watu wakasema maringo yamemtoka. Kila asubuhi alipeleka kigoda chake karibu na mpaka, akaketi kuielekea nyumba ya Ndirangu, na Ndirangu akitoka tu anasalimiwa kwa sauti ya juu, anaulizwa hali, anaulizwa amelalaje.

Alipopelekwa kukaguliwa, daktari alifurahi. Presha ilikuwa imeshuka na lile dirisha la katikati lilikuwa vile vile. Alisema angependa wagonjwa wake wote wawe hivi, akauliza, "Cucu, wewe hufanyaje usisahau?"

"Kuna mtu nataka kumwona," Cucu akajibu. Daktari akanitazama mimi akatabasamu.

Mimi pia nilikuwa na vita vyangu. Ndirangu hakuacha kuja kunywa chai, maana angeacha angeonekana ana jambo. Nilikuwa mtiaji chai, na tangu Agosti kikombe chake hakikupata sukari. Nilikikoroga mbele yake kwa bidii, kijiko kikilia, nikampa kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Mzee hawezi kulalamikia chai aliyopewa na mtoto mwenye heshima katika nyumba ya watu. Alikunywa ile chai chungu alasiri baada ya alasiri, akasema asante mama, nami nikarudi jikoni nikiwa na amani kubwa moyoni.

Nilimwuliza Cucu kwa nini haiti wazee. "Ngoja mvua," aliniambia, bila kueleza zaidi. Mvua za vuli ziliposhuka nikaelewa. Matoka huacha vitoto vyake ardhini. Ung'oe shina kubwa vipi, vidogo hubaki. Ndani ya nepia ya Ndirangu, kwenye mstari wa zamani, majani ya kijani yakaanza kujitokeza. Akayang'oa. Yakaota. Kila asubuhi akitoka na jembe anamkuta Cucu kwenye kigoda, kichwa kimegeuzwa kumtazama.

Hapo Cucu akawaita wazee wa ukoo, wakaja Jumamosi. Hawakuwa na la kujadili. Mistari miwili ya matoka ilikuwa mbele yao, mmoja mkubwa uliolazwa upya na mmoja mdogo ulioota wenyewe mahali ulipokuwa tangu zamani. Ndirangu aliwasingizia wapangaji, akawasingizia watoto, kisha akaishiwa. Wazee wakaamuru ayarudishe. Cucu akaongeza jambo moja: atayarudisha yeye mwenyewe bila kusaidiwa, na yeye Cucu atasimama kwenye mstari wa zamani, mbele yake.

Nimeona mambo mengi katika maisha yangu, harusi na mahafali, lakini hakuna lililonipa utamu kama asubuhi ile. Ndirangu, mzee wa kanisa, akiwa kwenye matope kwa magoti na koti lake la kahawia, akinyanyua shina moja moja. Watu wa barabarani walisimama kutazama. Cucu alikaza shingo, jicho lake la kulia likiangalia chini.

"Hilo silioni. Sogeza."

Akasogeza.

"Bado. Wewe si unaona vizuri? Lete mbele yangu."

Akasogeza tena.

"Hapo."

Wakaendelea hivyo mpaka mwisho wa shamba. Mahali fulani katikati Ndirangu alitaka jembe lake. Lilikuwa chini, karibu na goti lake la kulia, na mkono wake ukapita juu yake, ukapapasa hewa, ukarudi, ukalikosa tena. Watu wakadhani ni aibu. Cucu hakusema sogeza. Alilitazama jembe, akautazama mkono, akamtazama usoni kwa muda mrefu, na mimi nikadhani anautafuna ushindi wake polepole kama muwa.

Mwaka uliofuata, alasiri moja, Ndirangu alikuja kwetu baada ya kupotea kwa muda. Akiingia alijigonga bega kwenye mwimo wa mlango. Aliketi, akachezea kofia yake. Nilikuwa naosha vyombo.

"Mama Kamau," alisema, "yale matone ya macho, bado unaweka?"

"Niliacha," Cucu akasema.

"Kabisa?"

"Si wewe uliniambia? Na unaniona, naona."

Nikageuka, kikombe mkononi, mdomo wazi, maana jana yake jioni nilikuwa nimemwekea mimi mwenyewe. Cucu alinitazama mara moja, nami nikaufunga mdomo. Ndirangu alicheka kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akaenda zake akipapasa njia kati ya matoka. Nilidhani Cucu ameficha ugonjwa wake kwa fahari, kama wazee wengi wanavyoficha.

Nilipokuwa kidato cha pili Ndirangu alikuwa akishikwa mkono na mke wa mwanawe kupelekwa chooni. Habari ilipotufikia kwamba sasa hatofautishi hata mchana na usiku, Cucu alifungua friji, akatoa chupa mpya ambayo haijafunguliwa, akanipa. "Mpelekee. Mwambie aweke kila jioni, asikose." Nilivuka mpaka nikijivunia nyanya yangu. Ndirangu aliipokea kwa mikono yote miwili na akanibariki, na tangu siku hiyo akaweka bila kukosa jioni hata moja.

Nilikuwa mtu mzima nilipoyapanga mambo haya mstari mmoja. Kwamba Ndirangu hakutudanganya kuhusu dawa. Alikuwa na ugonjwa ule ule, alitupa dawa yake kweli, na aliliamini neno lake mpaka likamla na yeye. Udongo aliiba, sitamsamehe, lakini jicho la Cucu hakuliiba. Na kwamba Cucu, siku ile ya jembe, aliuona mkono unaopapasa na akaujua, kwa sababu ulikuwa mkono wake mwenyewe. Aliyejua kuliko wote pale kwamba kuna kitu kinaweza kuchungwa alisema neno moja, niliacha, akamwacha aende. Ile chupa aliituma wakati hapakuwa na cha kuchunga. Sijui kama ilikuwa huruma au ilikuwa namna ya kumalizia. Nampenda Cucu mpaka leo, na neno lile bado linanitisha.

Jumapili moja Ndirangu alisimamishwa kanisani kutoa shukrani. Alielekea upande ambao hatukuwa, akasema kwamba Mama Kamau, ambaye yeye alimkosea sana, amemsamehe na anampa dawa ya macho yake mwenyewe, na kwamba anaona kama nuru inaanza kurudi. Watu wakapiga makofi. Cucu aliinamisha kichwa, na jicho lile alilolichunga kwa miaka lilikuwa linatiririka machozi hadi kwenye kola. Nilimwuliza sikioni kwa nini analia. Akasema ni dawa, inamchoma. Nilimwamini. Ilinichukua miaka kukumbuka kwamba ile ilikuwa ibada ya asubuhi, na dawa tulikuwa tunaweka jioni.